Kwaya na mashangazi ndani ya damu ya mzee: nilivyojifunza kuunganisha oda za nguo

Nina kafremu kadogo Kirumba, siyo mbali na soko la samaki la Mwaloni, nauza nguo za kike na kuchukua oda za sare. Nikisema sare namaanisha za vikundi, yaani vikoba, kwaya, kamati za harusi, akina mama wa dagaa. Ukikaa Mwanza unajua hakuna kikundi kisicho na sare, watu 15 wakianza kuchangishana elfu mbilimbili kwa wiki, kabla hawajaandika hata katiba wameshaulizana tunashona nini. Hilo ndo soko langu na nalipenda, shida yake ni moja tu, vikundi ni vidogo. Watu 26, watu 30, wakijaa sana 45.

Miaka yote nilikuwa nagawa kazi kwa mafundi watatu wa mtaani. Wanajua kushona, sitawasema vibaya, ila kila fundi na mkono wake, huyu kola inalala, huyu inasimama, huyu zipu anaiweka pembeni wakati wenzake wameweka mgongoni, na sare ni sare kwa sababu zinafanana sasa zisipofanana unaitetea vipi mbele ya mwenyekiti wa kikoba. Na ile "kesho njoo" ya fundi kila mtu anaijua, siielezi.

Basi 2022 nikaamua nijaribu kiwanda. Nikapata namba ya kiwanda kimoja Dar, nikapiga, dada wa mauzo ananiongelesha vizuri kabisa mpaka nilipotaja idadi. Akaniambia minimamu yao, yaani idadi ya chini wanayokubali, ni pisi 150 kwa dizaini, kwa rangi. Mi nilikuwa na vikundi vinne mkononi. Kwaya ya akina mama 38, kikoba 26, mashangazi wa harusi moja 30, akina mama wa dagaa 45. Jumla 139, dizaini nne, rangi nne. Yaani hata ningezichanganya zote bado sifiki 150, na yeye anataka 150 kwa kila moja! Akasema kama nataka kidogokidogo ipo kule wanakoshonea sampo, zile nguo za mfano, ila bei ni 22,000 kwa gauni badala ya 16,000. Nikakata simu nikakaa.

Wengi wanaishia hapo. Na mimi ningeishia hapo kama nisingekuwa na safari ya Dar wiki mbili mbele kwa mambo ya familia. Nikasema nikishafika si nipitie tu nione hao watu wa 150 wanafananaje.

Basi la Mwanza Dar linakunyoosha mgongo, zaidi ya kilomita 1,000, Shinyanga, Singida, Dodoma, Morogoro, unashuka miguu imevimba. Kesho yake nikaenda. Dada wa mauzo hakuwepo, nikapelekwa kwa kaka mmoja wa chumba cha kukatia, na nashukuru sana hakuwepo yule dada, maana yeye angenirudishia ileile 150.

Chumba kina meza ndefu, nilipima kwa macho nikaona kama daladala mbili zimesimama mkia kwa pua. Juu ya meza wametandaza kitambaa cha bluu, tabaka juu ya tabaka, kaka akaniambia hapo yako 60. Juu kabisa kuna karatasi nyembamba yenye michoro ya vipande vyote, mbele, mgongo, mikono, vyote vimebanwabanwa kama samaki kwenye tenga ili kitambaa kisipotee, wenyewe karatasi hiyo wanaiita maka. Halafu kaka akavaa glavu ya nyuzi za chuma mkono wa kushoto, akawasha kisu cha umeme kinachosimama wima, akaanza kufuata mstari taratibu, na kila anapogeuza kona vinatoka vipande 60 kwa mpigo vimefanana kama noti mpya. Nilisimama pale kama mtoto.

Alipozima nikamuuliza, kaka samahani, hiyo 150 mnayosema ni 150 ya nini?

Akacheka. Akasema hakuna anayewauliza hivyo. Afu akanieleza kwa kunionyesha. Kuchora hiyo maka na kuipanga ni kazi ileile kama unakata tabaka 10 au 60, kwaiyo ukileta kidogo gharama inaangukia magauni machache. Tukatoka tukaenda kwenye mashine. Pale watu wamekaa mstari, huyu anaunga mabega tu, huyu mikono tu, huyu zipu, huyu pindo, gauni linapita mkono kwa mkono. Dizaini ikibadilika laini nzima inasimama, mashine zinasogezwa, na magauni ya mwanzo yanatoka kwa kusuasua mpaka mikono izoee. Hapo ndo 150 ya dizaini inapotoka. Ya rangi inatoka kwingine kabisa, kwa anayetia rangi kitambaa. Rangi yako maalum lazima ijaze pipa lake la kuchovyea, maji yaleyale, moto uleule, ujaze usijaze. Ila ukichukua rangi ambayo tayari ipo stoo, hilo pipa halikuhusu.

Nikamtolea zile dizaini zangu nne nilizochora kwa kalamu. Akaziangalia kidogo akasema hizi siyo dizaini nne dada, hili ni gauni moja lenye kola nne. Mwili ukiwa mmoja na kitambaa kimoja, kola ni mashine mbili tu pale kwenye laini, nabadilisha mtu mmoja au wawili, wengine hawajui hata kama kuna kilichobadilika.

Hapo ndo akili yangu ikafunguka. Kumbe nilikuwa nabishana na namba moja wakati ndani yake kuna namba tatu au nne, kuna ya kukata, kuna ya laini, kuna ya kitambaa, na lebo nazo zina yake (lebo za kufuma wanakufumia maelfu, ukiandikisha saizi humohumo umejifunga, bora lebo ya jina iwe moja kwa nguo zote na saizi iwe kalebo kengine kadogo). Kila moja unaiunganisha kwa njia yake. Na nikaelewa kwamba unaunganisha pale mteja asipoangalia na unatenganisha pale anapoangalia. Mteja wangu haangalii mshono wa ubavuni wala aina ya zipu. Anaangalia kola, mkono, na rangi.

Sasa rangi ndo ilikuwa mtihani.

Stoo walikuwa na nyeusi, bluu ya giza, nyeupe na damu ya mzee. Nyeusi huwezi kumpelekea mtu wa harusi. Nyeupe mama wa dagaa atakucheka. Nikarudi Mwanza na kipande cha damu ya mzee ndani ya pochi nikaanza kuzunguka. Kwaya wakakubali siku hiyohiyo, walikuwa wanaitaka rangi hiyohiyo tangu mwanzo. Kikoba walitaka bluu ya kung'aa, nikawaambia damu ya mzee haionyeshi uchafu na haipauki haraka, mweka hazina akasema kweli, ikapita. Akina mama wa dagaa walitaka kijani, wakaniuliza bei, nikawaambia kijani 30,000 hii 25,000, wakasema damu ya mzee ni rangi nzuri sana, tena inaendana na wote. Mashangazi ndo walinitoa jasho. Walikuwa wanataka pinki iliyofifia kama waliyoiona kwenye simu. Nilienda mara tatu. Mara ya tatu nikaenda na mkanda wa kitenge chenye dhahabu nikauweka juu ya kile kipande, shangazi mkubwa wa bwana harusi akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Haya mwanangu, ila hiyo dhahabu ionekane."

Basi, mwili mmoja, rangi moja, kola nne. Kwaya kola nyeupe, kikoba kola ya duara, dagaa shingo ya V na mfuko mkubwa wa mbele (walisisitiza mfuko, hela na simu vinakaa wapi), mashangazi shingo bila kola halafu mkanda wa dhahabu nitauweka Mwanza mwenyewe kwa fundi. Hili la mwisho nalirudia kwa kila anayeniuliza, kitu unachoweza kukiongezea nyumbani usikipeleke kiwandani. Kitenge unakipata hapa sokoni hata kipande kimoja, hakina minimamu. Nembo ya kwaya nayo ilidariziwa hapahapa.

Bado nilikuwa na 139. Zilipungua 11. Nikajipa moyo nikazichukua mwenyewe za kuuza dukani. Piga hesabu uone, 139 kwa 22,000 ni 3,058,000. 150 kwa 16,000 ni 2,400,000. Yaani nimelipia magauni 11 ambayo hakuna aliyeyaagiza na bado nimebakiwa na 658,000 ambayo ingeondoka. Watu wanaogopa zile za ziada kama mkosi lakini ukikaa na kalkuleta unaona. Kosa langu lilikuwa saizi, zile 11 nilichagua ndogo na za kati nikidhani wasichana wa chuo watanunua, nani kakuambia msichana wa chuo anavaa gauni la kikoba. Tatu bado ninazo, moja anavaa mpwa wangu akienda gengeni.

Kiwanda wakataka nusu ya hela mbele, 1,200,000. Hapo ndo nikakutana na mwezi.

Kwa asiyejua, dagaa wetu wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa. Gizani ndo kuna kazi, taa zinawaka majini mpaka unadhani ni mji mwingine. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na Mwaloni hela inakauka siku kama kumi hivi. Mimi nimezaliwa hapa, nimekua nayaona haya, lakini sikuwahi kuyaunganisha na oda ya nguo. Nilikusanya kwaya, nikakusanya kikoba, mashangazi wakalipa zote kwa mpigo kwa sababu ya harusi, nikaenda kwa mama mwenyekiti wa dagaa nikakuta amekaa kwenye ndoo anachambua mchele.

Akaniambia, "Mwanangu, angalia juu."

Nikaangalia juu. Ilikuwa inakaribia saa moja jioni na mwezi ule umeshatoka, mviringo kabisa, upande wa pili wa anga jua ndo linazama. Sikuwa na la kusema.

Nusu yao ilikuwa 360,000. Bila wao 45 oda yote inakufa, siyo yao tu, ya wote, maana 105 siyo 150. Na harusi ina tarehe, siwezi kuwaambia mashangazi wasubiri giza. Nikakopa kwenye kikoba changu mwenyewe nikaziba, na riba nikala mimi. Walilipa wote giza liliporudi, hakuna aliyenidhulumu hata mia, ila nilijifunza kwamba oda ya kuunganisha inatembea kwa mwendo wa mwenye hela ya mwisho. Saivi kabla sijatangaza oda naangalia mwezi. Siyo utani, nimeuandika kwenye kalenda ya dukani, na watu wa vijijini wanaolima pamba nawapanga kuanzia msimu wa kuuza pamba ukifunguka, kabla ya hapo unamsumbua mtu bure.

(Hapo kwenye pamba huwa naumia kidogo. Kanda ya Ziwa ndo inatoa pamba nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote nchini, nikipanda gari kwenda Simiyu naiona imesimama nyeupe barabara nzima, halafu mimi kitambaa nafuata Kariakoo kimetoka nje. Haya tuendelee.)

Mzigo ulikuja safi. Nilikuwa nimeomba waache akiba ya mshono pembeni, sentimita 2 na nusu kila upande, kwa sababu kiwanda kinashona kwa saizi na kikundi kina miili. Fundi wangu wa mtaani akakaa siku mbili anatanua huyu anabana yule. Kwaiyo mafundi hawakukosa kazi, kazi ilibadilika tu. Kila kikundi kikachukua chake, kila mtu akafurahi, mi nikaona nimekuwa mtu wa viwanda.

Halafu ikaja Jumamosi ya harusi.

Nilialikwa. Nimekaa benchi za nyuma na mwanangu, mashangazi wanaingia mstari, damu ya mzee na dhahabu shingoni, wanacheza taratibu, wamependeza mpaka nikataka kumwambia jirani yangu kwamba ile kazi ni yangu. Nilikuwa nimeshageuka kumwambia. Ndo nikasikia kinanda, nikaangalia mbele, kwaya imesimama.

Damu ya mzee. Watu 38.

Kola nyeupe unaiona ukiwa karibu. Kwa mbali, na maua, na watu wanavyosimama kupiga picha, ilikuwa ni rangi moja kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni. Jirani yangu akasema heee, hii familia kubwa jamani, mpaka kwaya ni ndugu. Mwanangu akaniuliza kwa sauti mama si ni nguo zako zile? Nilimziba mdomo.

Sikuwahi kuuliza nani anaimba kwenye hiyo harusi. Ningeulizaje, nilikuwa nawaza kola.

Ukumbini shangazi mkubwa alinitafuta akanipata, nimejificha nyuma ya spika. Hakupiga kelele. Alinishika mkono kama mtu anayemshika mtoto asivuke barabara akaniuliza, "Mwanangu, uliniuzia sare au uliniuzia kwaya?" Nikamwomba msamaha pale pale kwa magoti, akaniambia inuka unachafua gauni. Nilimrudishia 5,000 kwa kila gauni, magauni 30, hesabu unaijua, na zote zikatoka kwenye faida yangu ya oda ile. Kwaya hawakulalamika, wao waliona wamependeza.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila kikundi naandika wanakaa wapi, wanasali wapi, wanakutana na nani. Siunganishi tena kwa idadi tu. Oda moja naiweka na watu wa Nansio kule Ukerewe, wa Magu, wa Sengerema na kimoja tu cha hapa mjini. Hawa hata wakivaa kitambaa kilekile mwaka mzima hawakutani. Na kama wawili lazima wakae mji mmoja basi mmoja namwekea kitambaa kingine kwenye mwili uleule, maana kiwanda kikishazoea mwili wako wanakulegezea kidogo upande wa rangi, hasa ukiwa hujawahi kuwachelewesha hela. Hiyo huipati siku ya kwanza, mimi niliipata oda ya tatu.

Oda ya pili sijaisema. Ya pili nilijifanya mjanja nikanunua kitambaa mwenyewe Kariakoo nikiwapa kiwanda washone tu. Gauni moja linakula mita 2 na nusu, nilikuwa na magauni 120, kwaiyo 300. Nikanunua 300. Jioni kaka wa kukata ananipigia, dada kitambaa hakitoshi, magauni 10 hayana kitu. Nikamwambia haiwezekani. Akaniambia soma risiti. Imeandikwa yadi. Yadi 300 ni mita 274 tu, yadi moja ni kama sentimita 91. Winga (dalali wa pale Kariakoo) wala hakunidanganya, aliniambia yadi, mimi masikio yalisikia mita.

Nikamtuma mtu dukani palepale achukue jora lingine, rangi ileile, namba ileile kwenye lebo. Lilipofika kaka akanitumia picha, ameyaweka pamoja dirishani, moja lina wekundu kidogo. Mchovyo tofauti. Ningelikuwa na kikundi kimoja cha watu 120 nimekwisha, ila kwa sababu ilikuwa oda ya kuunganisha nilikuwa na kikundi kidogo cha watu 10 kamili, dada wa saluni. Wote 10 nikawapa zile za wekundu. Rangi tofauti inaonekana zikikaa pamoja, zikiwa peke yake nani atajua. Mpaka leo hawajajua, labda wakisoma hapa.

Kuna watu wananiuliza habari za kuagiza China, kwamba kule wanaambiwa 300 au 500 kwa rangi. Mimi nimeagiza mara moja tu na ilikuwa vitu vidogo, ila niliuliza swali lilelile, minimamu ya nini, na jibu lilikuja tofauti kabisa na la kwanza, kumbe ile ilikuwa ya kitambaa cha kutia rangi maalum na kwa rangi za stoo walikuwa na namba nyingine. Uliza tu. Muulize anayekata siyo anayeuza, kama unaweza kumpata.

Wiki iliyopita yule shangazi kanipigia. Namba niliisevu "Shangazi Dhahabu", nikaiangalia inaita nikasita kuipokea. Anaozesha mtoto wake wa mwisho, anataka sare 35, na mashoga zake wa Nyakato wengine 20 wanataka kuungia humohumo. Nikamuuliza rangi gani mama.

Akaniambia, "Rangi baadaye. Kwanza niambie kwaya itavaa nini."

Nimeshampigia katibu wa kwaya.